Suti ya Ukweni

Njagi alikuwa na suti moja tu, ya kijivu, na aliwavalia watu wawili: Mungu na baba mkwe wake. Wengine wote, hata chifu, walimpata akiwa na ovaroli.

Kule Manyatta alijulikana kwa mageti na kwa maombi. Mageti aliyachomelea mwenyewe katika karakana yake kando ya soko, mageti mazito yenye maua ya chuma juu. Na maombi yake, jamani, yalikuwa hivyo hivyo, mazito na yenye maua juu. Mchungaji akisema, "Mzee wa kanisa Njagi atatuombea," akina mama waliwapakata watoto vizuri kwa sababu walijua safari ni ndefu. Njagi alisimama wima, mkono mmoja kwenye kifungo cha koti, akaanza kushukuru. Alishukuru kwa mvua, akashukuru kwa jua lililofuata mvua, akashukuru kwa wageni waliofika na kwa wale waliotaka kufika wakashindwa. Alishukuru mpaka viazi vikaungua majumbani mwa watu. Na kuomba kwenyewe? Kuomba hakukuwapo. Njagi hakumwomba Mungu kitu, maana aliona huko ni kukosa adabu.

Huko Nkubu, kwa mzee Mutembei, baba yake mkewe Karwirwa, mambo yalikuwa yale yale. Njagi ni Muembu aliyeoa Meru, na kabla ya kwenda kujitambulisha wazee wake walimkalisha chini wakamwonya kwamba ukweni si kwenu. Basi akalishika hilo neno kama amri ya kumi na moja. Hakwenda bila kutuma habari mapema. Hakwenda bila mbuzi. Aliketi kwenye ncha ya kiti, akala vijiko vichache, akasema ameshiba na huku tumbo linalia. Na choo! Choo cha ukweni hakujua hata kilipo. Siku moja alibanwa tangu mchana mpaka jioni, akitabasamu na kujibu maswali kuhusu bei ya kahawa, halafu akaja kujisaidia kwenye migomba ya watu huko njiani, na suti yake na tai yake. Karwirwa alicheka akakaa chini barabarani. Njagi hakuona cha kuchekesha. Heshima ni heshima.

Sasa huyo Karwirwa alikuwa amelazwa hospitalini Embu mjini, mimba ya mwezi wa nane, na presha ya damu yake ilikuwa imepanda ikakataa kushuka. Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Nyamu, aliyekuwa shule ya bweni. Baada ya Nyamu mimba mbili zilitoka. Mara zote mbili Njagi alivaa suti, akapeleka kondoo kanisani, akasimama mbele akashukuru kwa yote. Watu wakasema, huyo ndiye mwanamume wa imani. Karwirwa alimtazama kutoka kwenye benchi la akina mama, akarudi nyumbani akajifunika blanketi.

Asubuhi moja daktari alikuja akasema hawawezi kungoja tena. Kesho watampasua, mtoto atoke, mama apone. Njagi alipigiwa simu akiwa katikati ya geti la mtu. Alizima mashine, akaruka kwenye pikapu, akafika wodini na ovaroli yake iliyotobolewa na cheche.

"Baba Nyamu," Karwirwa alisema, "niombee."

Njagi alisimama kando ya kitanda. Mkono ulitafuta kifungo cha koti, ukakosa, ukashika zipu ya ovaroli. "Mungu wetu mwema, tunakushukuru kwa siku hii ya leo. Tunakushukuru kwa madaktari na wauguzi. Tunakushukuru kwa jengo hili, na kwa wale waliolijenga..."

Alipofika kwenye wafadhili wa mashuka, Karwirwa alifungua macho. "Umemaliza?"

"Bado."

"Maliza. Na hujamwambia."

"Sijamwambia nini?"

"Kwamba unaogopa. Hiyo zipu unaivuta mpaka itatoka."

Njagi aliiachilia zipu. "Mungu anajua yote, Mama Nyamu. Hana haja ya kuambiwa."

"Hata mimi nilijua unanipenda. Na bado ulipanda mpaka Nkubu ukaniambia, ukitetemeka, na soksi moja ya kahawia na moja nyeusi. Nilikukubali kwa sababu ya zile soksi."

Mama wa kitanda cha pili akacheka chini ya shuka. Karwirwa alimshika Njagi mkono, na mkono wake mwenyewe ulikuwa umevimba, vidole vinene kama vya mtu mwingine.

"Nina hamu ya kiazi kikuu," alisema. "Si cha sokoni. Cha baba. Kuanzia usiku hawataniruhusu kula. Nenda uniletee, nikile jioni."

"Nipite nyumbani nibadilishe..."

"Ukipita Manyatta hutarudi saa ya kuona wagonjwa. Nenda hivyo hivyo."

"Na ovaroli? Bila habari? Bila mbuzi?"

"Njagi," Karwirwa alisema. Akimwita kwa jina, basi mambo yamefika mwisho. "Kesho napasuliwa. Mbuzi atanisaidia nini?"

Basi akaenda. Lakini msidhani alienda kwa amani. Kule Runyenjes alipunguza mwendo akitafuta kwa macho kama kuna mtu anauza mbuzi. Chuka alisimama akanunua sukari na mikate, akavitazama kwenye kiti cha abiria, akaona aibu zaidi, maana sukari bila mbuzi ni kama kujitangaza. Njiani alijaribu kuomba. Alisema, "Mungu wetu mwema, tunakushukuru," kisha akashindwa kuendelea. Alijaribu tena baada ya kilima. "Tunakushukuru." Maneno yalikataa katakata. Kilio kilikuwa kinamjia na yeye alikazana kukimeza, kilomita baada ya kilomita, kwa sababu mwanamume hapeleki kitu kama hicho mbele ya watu, sembuse mbele ya Mungu.

Alifika Nkubu mchana. Hakumkuta mzee nyumbani, akaelekezwa na sauti ya panga kule bondeni, kwenye shamba la viazi vikuu. Sasa kama hujui, kule Meru kiazi kikuu ni zao la mwanamume. Kila shina hupandwa chini ya mti wake, likaupanda kwa kamba zake, na mwenye shamba hulitunza miaka na miaka. Mutembei alikuwa huko, peke yake, na hapo ndipo Njagi alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu aoe. Siku zote mzee alimpokea akiwa na koti, kofia na bakora. Leo alikuwa na fulana iliyotoboka kwapani, suruali imekunjwa mpaka magotini, na tope mpaka kwenye nyusi.

Wakatazamana. Hakuna aliyejua pa kuficha nguo zake.

Njagi akajikaza. Akavuta pumzi, akashika zipu. "Baba, tunashukuru kwa kutupokea katika boma hili, na tunaleta salamu nyingi kutoka kwa ndugu zetu wa Manyatta, ambao wangependa kufika lakini..."

"Njagi," Mutembei alisema. Panga lilikuwa limesimama hewani. "Nani amekufa?"

"Hakuna, baba. Bado."

Lile neno "bado" lilimtoka bila ruhusa, na lilipotoka, kilio alichokimeza kikatoka nalo. Njagi, mzee wa kanisa, fundi wa mageti yasiyotikisika, alikaa chini kwenye udongo wa baba mkwe wake akalia kwa sauti. "Kesho wanampasua. Damu imepanda. Naogopa, baba. Naogopa watanitolea maiti mbili. Naogopa, na sijui nimwambie nani, na nimekuja bila mbuzi."

Mutembei akaliweka panga chini, akaja akaketi kando yake, bega kwa bega, akapangusa uso kwa mkono wenye tope akazidi kujipaka.

"Hata mimi naogopa," alisema. "Tangu alipolazwa sijalala vizuri. Nakuja hapa napalilia mahali palipopaliliwa jana."

Wakakaa hivyo. Njagi alikuwa anangoja aibu ije, na kwa kweli aliitafuta, lakini haikuja. Alijisikia mwepesi na mjinga kidogo, na alikuwa na njaa. Akamweleza mzee habari ya kiazi alichotumwa.

"Haya," mzee akasema, "msichana anataka kiazi. Lala."

"Nilale?"

"Utakichimba namna gani umesimama?"

Kiazi kikuu hakichimbwi kwa jembe, maana ukikijeruhi kinaoza. Unatafuta pembeni ya shina, unalegeza udongo kwa ncha ya panga, halafu unalala kifudifudi na kutia mkono mpaka begani, ukikipapasa kama mtoto tumboni. Unakata kipande unachokitaka na kumfukia mama yake aendelee kuzaa. Basi wakalala, mkwe na baba mkwe, mashavu udongoni, kila mtu upande wake wa shimo. Na huku mkono wake ukiwa chini, Mutembei akaanza kusema kwa Kimeru.

"Wewe. Unamwona huyu kijana? Amekuja kulia kwangu, na mimi nilie kwa nani? Mama yake Karwirwa ulimchukua. Nilinyamaza? Sikunyamaza, nilikugombeza mpaka majirani wakasikia, na hukunifukuza. Sasa huyu binti yake usimguse. Nakuomba. Mimi nimezeeka, hili sitaliweza. Na huyo aliye tumboni pia, mwache aje tumwone." Akakivuta kiazi. "Na hiki kiazi kisikatikie huku chini, tafadhali."

Njagi alikuwa ameinua kichwa, mdomo wazi, udongo kwenye masharubu. "Baba. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na Mungu. Kwani kuna mtu mwingine humu shimoni?"

"Hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Hivyo... bila kuanza na..." Njagi alitafuta neno. "Bila heshima?"

Mutembei akacheka, kicheko cha mtu aliyelala kifudifudi, kinachotikisa mgongo mzima.

"Kijana, mimi si mkwe wake!" alisema. "Mkwe ndiye huleta mbuzi. Anakaa kwa ncha ya kiti, anasema ameshiba, anakwenda zake na njaa. Ni sawa, ni desturi. Lakini mtoto wa nyumba anaingia jikoni anafunua sufuria. Akiumia, anapiga kelele. Akikasirika, anakasirikia hapo hapo mlangoni, haendi mbali. Kwa Mungu mimi nilizaliwa, sikuoa."

Njagi alirudisha shavu udongoni. Maneno yale yalimwingia polepole. Alikumbuka wale kondoo wawili aliowapeleka kanisani, na alivyosimama mbele za watu kwa sauti isiyotetemeka, na Karwirwa alivyorudi nyumbani akajifunika blanketi. Alikuwa amekwenda ukweni. Miaka yote hiyo, kila Jumapili, alikuwa anakwenda ukweni.

"Na hata mimi," Mutembei akaendelea, akivuta kiazi taratibu, "umenichosha na mbuzi. Kila ukija nakimbia kutafuta koti. Joto lote lile! Tangu umwoe binti yangu, leo ndiyo mara ya kwanza nimekuona."

Kiazi kikatoka, kizito, kina nywele nyingi, kizima. Mzee alikiinua juu akakishangilia kama amepata wajukuu mapacha. Wakapanda nyumbani. Mutembei alikichemsha mwenyewe, bila chumvi kwa sababu ya ile damu, na kilipokuwa jikoni Njagi alikula ndizi na maharagwe sahani nzima, akafunua sufuria, akaongeza. Mutembei alimtazama kwa furaha isiyo na kifani.

"Na choo," akasema, "kiko nyuma ya ule mti wa makadamia. Nilikijenga mwaka mliooana, kwa sababu yako. Nikaweka mlango wa bati na kioo cha kujitazama. Hujawahi hata kuuliza kilipo! Nilidhani Waembu hawaendi."

Njagi akaenda. Alijitazama kwenye kile kioo, akaona mtu wa tope mwenye macho mekundu, akacheka peke yake.

Njiani kurudi Embu aliendesha na kile kiazi kimefungwa kwenye jani la mgomba na taulo juu, kwenye kiti cha abiria. Na hapo akaanza. Alianza kwa Kiembu, lugha aliyomlilia nayo mama yake alipokuwa mdogo, maana Kiswahili cha kanisani kilikuwa na kola na tai.

"Mungu, ni mimi. Njagi. Naogopa." Akangoja. Mbingu haikuanguka. "Naogopa sana. Na nimekukasirikia. Wale watoto wawili, uliwapeleka wapi? Sikukuuliza. Nilikuletea kondoo, nikakuambia asante, na haikuwa asante! Nilikuwa nimevunjika! Kwa nini ulikubali wale kondoo? Ungenirudisha nao nyumbani!"

Sasa alikuwa anapiga usukani, machozi yanamzuia kuona, ikabidi asimame kando ya barabara Runyenjes. Aliendelea kupiga kelele palepale, pikapu imezimwa, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza ndizi, Wanjugu, akaja akagonga dirisha.

"Wewe baba, uko sawa?"

"Niko sawa, mama. Naongea na Mungu."

Wanjugu akamtazama vizuri, na lile tope, na ile ovaroli. "Na Yeye anakujibu?"

Njagi akafikiri. Hakutaka kudanganya tena siku hiyo. "Hajasema kitu. Lakini hajaondoka."

"Basi msalimie. Mwambie Wanjugu wa ndizi bado anangoja ile mvua." Akampa ndizi moja bure na kurudi kwenye biashara yake. Njagi alimsalimia Mungu kama alivyotumwa, akawasha gari.

Aliingia wodini saa ya kuona wagonjwa ikiwa inakaribia kwisha. Muuguzi alitazama tope lake akataka kumzuia, akanusa kile kiazi, akampisha. Karwirwa alikaa kwenye mito, akafungua jani, na mvuke kidogo ukatoka. Alikula amefumba macho. Hakumwachia Njagi hata kipande, ila alimkatia yule mama wa kitanda cha pili.

"Umelala shambani?" akauliza, akimtoa udongo sikioni.

"Na baba. Kifudifudi."

"Wewe? Na baba?"

"Na nimeingia chooni."

Karwirwa akaacha kutafuna. "Uongo."

"Haki ya Mungu. Kina kioo."

Alicheka mpaka muuguzi akaja kumwambia atulie kwa ajili ya damu. Muuguzi alipoondoka Njagi alipiga magoti kando ya kitanda, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, maana magoti huharibu suti. Hakutafuta kifungo wala zipu. Alimshika mkewe mkono, ule uliovimba.

"Mungu," alisema, na sauti ikatetemeka, akaiacha itetemeke. "Naogopa. Niachie Karwirwa. Niachie na mtoto. Sijui kuishi bila huyu mwanamke, hata chumvi sijui anaweka wapi. Kama ni lazima uchukue, nitakugombeza, lakini sitakwenda mbali. Nakuomba usichukue. Basi."

"Amina," akasema mama wa kitanda cha pili. "Amina," wakasema wagonjwa wa vitanda vya dirishani. Karwirwa hakusema amina. Alikuwa analia na kutabasamu, akamvutia kichwa chake kwenye mto, na tope lote.

"Sasa umeongea," alimwambia.

Kesho yake asubuhi Mutembei alifika hospitalini. Alikuja na ile fulana, na gunia la viazi vikuu begani kwa ajili ya wauguzi, na wakaketi kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji bila kuambiana maneno ya heshima. Njagi aliomba akiwa amekaa. Aliomba akiwa anatembea. Alisema "naogopa" mara nyingi mpaka neno likachakaa, na kila alipolisema alihisi hayuko peke yake na hilo neno. Damu ya Karwirwa, walivyoambiwa baadaye, iliwasumbua madaktari kwa muda. Njagi hakujua hilo. Alijua tu kwamba mlango haufunguki.

Kisha ukafunguka. Muuguzi alisimama pale na kitu kidogo kilichofungwa kwa shuka, akatabasamu. "Mama yuko salama, anazinduka. Na huyu ni wa kiume. Mdogo, lakini ana mapafu!"

Njagi alifungua mdomo. Watu wote wa Manyatta wangengoja hapo ile hotuba ndefu, na hata yeye aliisikia ikijipanga. Lakini alichoweza kusema ni, "Asante," mara moja, akakaa kwenye gunia la viazi. Ile ndiyo asante ya kwanza iliyomtoka tumboni.

Mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la baba yake mama, kwa Waembu na kwa Wameru pia. Kwa hiyo yule mdogo alikuwa Mutembei tangu alipozaliwa, na Njagi, aliyeogopa kuketi vizuri kwenye kiti cha baba mkwe wake, alijikuta amempakata baba mkwe huyo huyo, uchi ndani ya shuka. Baba mkwe huyo mdogo hakuchelewa. Alimlowesha ovaroli mpaka kifuani.

Baadaye, walipopelekwa kwa Karwirwa, mtoto alikuwa amechoka na desturi za watu. Alikunja uso, akakaza ngumi, akapiga kelele wodi nzima ikageuka. Hakuanza na salamu. Hakushukuru kwa jengo wala kwa mashuka.

Njagi alimtazama, akatikisa kichwa, machozi yakishuka bila kizuizi.

"Mama Nyamu," alisema, "huyu amezaliwa anajua kuomba."

"Basi apewe maziwa," akasema mzee Mutembei, akisogeza mto ili binti yake aegemee vizuri.